Je, wajua? Jarida moja lililouzwa linapataje wasomaji wanne?

Jarida linauza nakala 150,000. Kesho yake, mbele ya wenye matangazo, linatamba kuwa lina wasomaji 600,000. Ukisikia hivyo utadhani mhasibu kalewa au mhariri katia chumvi. Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Hizo ni hesabu mbili: moja ya karatasi, nyingine ya watu, na karatasi moja hupita mikono mingi kabla haijafungiwa kitu au kuwashiwa moto.

Hesabu ya karatasi huitwa usambazaji, na ndiyo nyepesi. Ugumu wake ni mmoja tu: nakala zilizochapwa si nakala zilizouzwa. Mtambo unaweza kutoa laki mbili, elfu hamsini zikarudi na kamba zake vilevile. Marekani, kwa miaka mingi, muuzaji hakusumbuliwa hata kurudisha jarida zima. Alichana jalada, akalipeleka kama ushahidi kuwa nakala ile haikupata mnunuzi, na kilichobaki akakitupa. Kwa hiyo mkaguzi huanza na idadi iliyochapwa, akatoa zilizorudi, kisha akatenga zilizogawiwa bure na zile zilizouzwa kwa bei ya kutupa. Hukagua ankara za kiwanda cha uchapaji na hati za marejesho, halafu anatazama kama fedha za wanaolipia kwa mwaka ziliingia kweli.

Zamani mchapishaji alijitajia tarakimu aliyoitaka, na mwenye tangazo akalipa kwa imani. Mwaka 1914 wenye matangazo, mawakala wao na wachapishaji wa Marekani walichoshwa na mchezo huo wakaunda chombo cha pamoja cha ukaguzi, Audit Bureau of Circulations. Uingereza ilipata cha kwake mwaka 1931. Ukaguzi haukumaliza ujanja: mwaka 2004 magazeti ya Newsday na Chicago Sun-Times yalikiri kwamba mauzo yao yalikuwa yametiwa hewa.

Tuje kwa watu, maana hapo ndipo utamu ulipo. Hakuna stakabadhi inayoonyesha kwamba jarida lililonunuliwa na mama lilisomwa na binti yake, likaazimwa na jirani, likaishia chumba cha kusubiri cha daktari wa meno ambako linafunguliwa hadi leo. Njia iliyopo ni kuwauliza watu. Mwaka 1938 jarida la Life la Marekani lilianza kugharamia utafiti wa aina hiyo, likihesabu wasomaji wake pamoja na wa washindani wake. Lilikuwa na sababu: jarida la picha hupitishwa kwa wengi, na hesabu ya nakala ilikuwa inalipunja.

Mbinu ya siku hizo ilikuwa ya subira. Mhoji alibisha hodi akiwa na toleo lenyewe, akalifungua ukurasa kwa ukurasa mbele ya mhojiwa, na mwishoni akamuuliza kama amewahi kuliona toleo lile. Picha huamsha kumbukumbu, kwa hiyo majibu yalikuwa na uzito. Lakini ukitaka kupima majarida mia, mhoji atahitaji mkokoteni, na mhojiwa atakuwa amesinzia kabla hujafika la kumi.

Ndipo ikaja njia ya mkato. Mhojiwa anaonyeshwa jina la jarida tu, akiulizwa: mara ya mwisho kusoma toleo lolote la jarida hili ilikuwa lini? Likiwa la kila wiki, wanahesabiwa waliolisoma ndani ya siku saba zilizopita. Likiwa la kila mwezi, ndani ya mwezi. Haijalishi walisoma toleo gani, hata likiwa la mwaka juzi. Inaonekana kama uzembe, ila ina akili. Katika kipindi cha kutoka toleo moja hadi jingine, wanaoshika matoleo ya kila umri, ukiwajumlisha, hukaribia idadi ambayo toleo moja huipata katika uhai wake wote.

Hukaribia, nasema. Mtu anayesoma toleo moja la mwezi kidogo kidogo, nusu Februari na nusu Machi, anaonekana msomaji katika miezi yote miwili ilhali kasoma jarida moja. Huyo anaivimbisha hesabu. Mwenzake aliyekuta matoleo matatu ya zamani akayamaliza kwa jioni moja anahesabiwa mara moja tu, na huyo anaipunguza. Juu ya hayo kuna ubinadamu wetu: watu huchanganya majina yanayofanana, na wengi huona haya kukiri kwamba jarida la wasomi hawajalifungua.

Hao 600,000 basi walitoka wapi? Tuseme walihojiwa watu wazima 10,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na 200 wakasema wamelisoma. Hiyo ni asilimia 2. Nchi ikiwa na watu wazima milioni 30, asilimia 2 ni 600,000. Gawanya kwa nakala 150,000, unapata wasomaji wanne kwa kila nakala. Hapa wengi hujikwaa: hao wanne hawakupimwa na mtu. Ni matokeo ya kugawanya, na mauzo yakishuka huku usomaji ukibaki palepale, nakala moja itaonekana ghafla ina wasomaji watano.

Na je, kusoma ni nini? Tafiti nyingi huridhika ukisema ulipitisha macho. Mwenye tangazo la ukurasa wa 47 hawezi kuridhika hivyo, ndiyo maana karne iliyopita wapo watafiti waliotia tone dogo la gundi kati ya kurasa, wakaja baadaye kukagua ni zipi zilizobanduliwa. Kwa matoleo ya kwenye simu gundi haihitajiki, mashine huona ukurasa uliofunguliwa. Lakini mashine nayo humwona mtu mmoja mwenye simu na kompyuta kuwa watu wawili.

Msomaji wa kuazima ana kasoro nyingine, hamlipi mchapishaji hata senti. Life, lililotangulia kuwahesabu, liliacha kutoka kila wiki Desemba 1972 huku mauzo yake yakiwa bado zaidi ya nakala milioni 5. Matangazo yalikuwa yamehamia kwenye televisheni, gharama ya posta ilikuwa imepanda, na waliolipia kwa mwaka walikuwa wameuziwa kwa bei isiyofikia hata gharama ya kuchapa na kutuma.