Uzamili wa Masomo ya Kanda za Dunia: Yanayosemwa Kusini na Ukweli Wake

Wahitimu wa Mtwara na Lindi wanaofikiria kusomea uzamili wa masomo ya kanda, yaani masomo yanayochunguza utamaduni na jamii za eneo moja la dunia kwa kuunganisha historia, isimu, anthropolojia na taaluma nyingine, hukatishwa tamaa na maelezo yasiyo sahihi.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba masomo haya humfanya mtu ajue kidogo kuhusu kila kitu asibobee popote. Ukweli ni kwamba ubobezi upo, ila unatokana na swali la utafiti, na swali zuri mara nyingi huvuka mipaka ya idara. Tuchukue Kilwa Kisiwani, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na magofu ya Songo Mnara. Anayetaka kueleza ni utajiri upi uliojenga jumba la Husuni Kubwa, lenye birika la pembe nane juu ya genge linalotazama bahari, atakutana na masimulizi ya watawala wa Kilwa yaliyohifadhiwa kwa Kiarabu na pia kwa Kireno, maelezo ya Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyefika mwaka 1331, vigae vya vyombo vya Kichina vilivyofukuliwa ardhini, na sarafu ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman wa Kilwa iliyookotwa mbali kabisa, huko Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale katika nchi ya Zimbabwe. Mwanahistoria asiyeweza kusoma ripoti ya uchimbaji, au mwanaakiolojia asiyejiuliza masimulizi yalitungwa kwa masilahi ya nani, atapata nusu tu ya habari.

Wengine husema haya ni masomo ya wageni wanaokuja kutuchunguza. Dhana hii ina chanzo cha kweli, na haifai kupuuzwa: chuo cha SOAS cha London, kinachofundisha masomo ya Asia na Afrika, kilianzishwa mwaka 1916, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwaandaa maofisa wa dola ya kikoloni. Hata hivyo, mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee kuhusu Vita vya Majimaji, vilivyoanzia Umatumbini mwaka 1905, na kumbukumbu hizo zikawezesha vita hivyo kuelezwa kwa sauti ya waliopigana, wakati awali nyaraka za Wajerumani ndizo zilizotawala. Kwa maoni yangu, hakuna hoja nzito kuliko hiyo ya kumtaka kijana wa Kusini aingie katika fani hii.

Kuhusu ajira, wahitimu hufanya kazi katika makumbusho, mambo ya kale, ualimu, uandishi wa habari na mashirika ya maendeleo, ingawa hakuna shahada inayomhakikishia mtu kazi.

Iliyobaki ni dhana kwamba mzawa hahitaji kujifunza lugha wala mila, kwa kuwa anachunguza kwao. Ukanda huu una Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua na wengine, na Wamakonde wenyewe wako pande zote mbili za Mto Ruvuma, Newala huku na Mueda kule Msumbiji. Mtoto wa Kilwa anayetaka kuandika tasnifu kuhusu mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde inayohusiana na jando, atalazimika kujifunza Kimakonde, kuomba ruhusa kwa wenye ngoma, na kukubali kwamba baadhi ya mambo ya jandoni hayaandikwi. Na akivuka mto, atahitaji Kireno pia.