Hukumu ya Canning, 1861: Uingereza ilivyoitenga Zanzibar na Omani

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, alifariki baharini Oktoba 1856, akirejea Unguja kutoka Muscat, mji mkuu wa Omani. Hakukuwa na mrithi mmoja wa milki yote. Mwanawe Thuwaini alishika Muscat, Majid akashika Unguja na mwambao. Utajiri ulikuwa kwa Majid: ushuru wa forodha, karafuu, pembe za ndovu.

Kwanza ilikubaliwa Majid atume riale 40,000 za Maria Theresa (sarafu za fedha) kwa Thuwaini kila mwaka. Ugomvi ulizaliwa hapo. Thuwaini alizihesabu kuwa kodi ya mtu aliye chini yake. Majid aliziona hisani ya ndugu kwa ndugu. Malipo yaliposimama, Thuwaini alipeleka merikebu mwaka 1859. Serikali ya Waingereza ya Bombay ikazirudisha njiani, ikawataka wote wawili wakubali uamuzi wa Gavana Mkuu wa India. Mwaka huohuo ndugu yao Barghash alimwasi Majid; mabaharia wa Kiingereza wakasaidia kumshinda, akahamishiwa Bombay.

Brigedia Coghlan alichunguza shauri, na tarehe 2 Aprili 1861 Gavana Mkuu, Lord Canning, akahukumu: Majid atawale Zanzibar na milki za Afrika, alipe riale 40,000 kwa mwaka pamoja na malimbikizo ya miaka miwili, riale 80,000. Kifungu kizito zaidi ni kile kinachosema malipo hayo si dalili ya Zanzibar kuwa chini ya Muscat, na kwamba yanawafunga warithi pia. Makubaliano ya nyumba moja yakageuka deni la dola kwa dola, Uingereza ikiwa mwamuzi. Wengi huanza kuhesabu mamlaka ya Waingereza Unguja tangu 1890, Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya yao. Sisi tunaihesabu tangu siku hiyo.

Mwaka 1866 Thuwaini aliuawa Sohar na mwanawe Salim, na Majid akakataa kumlipa muuaji huyo. Muscat, iliyokwisha kupoteza mapato ya Afrika, ikakosa fedha za kuyatuliza makabila ya bara ya Omani. Katika miaka ya 1870 Serikali ya Waingereza ya India ilianza kulipa fedha hizo yenyewe, kwa sharti kwamba Sultani Turki wa Muscat atimize mikataba yake, ukiwemo wa kuzuia biashara ya watumwa. Sultani aliyekaidi angekatiwa ruzuku hiyo.

Muscat ilidhibitiwa kwa fedha; Unguja ilitumika nguvu. Tarehe 27 Agosti 1896, baada ya Khalid bin Barghash kukalia kiti bila ridhaa ya Waingereza, manowari zilipiga jumba lake kwa muda usiofika saa moja, na Hamoud bin Mohammed akatawazwa siku hiyohiyo.