Je, wajua kwa nini bereti ya askari hulala upande mmoja?

Tarehe 12 Januari, Siku ya Mapinduzi ya Zanzibar, vikosi vinapopita mbele ya jukwaa kuu, iwe uwanja wa Amaan Unguja au Gombani Pemba, watu huvitambua kabla mtangazaji hajavitaja: hawa KMKM wa kuzuia magendo, wale JKU wa kujenga uchumi, nyuma yao Mafunzo wa magereza, Zimamoto, Valantia. Kofia ni miongoni mwa vitu vinavyotangulia kuonekana. Na bereti, ya kikosi chochote, haikai bapa kichwani. Imelala upande, na katika majeshi mengi yaliyochukua desturi za Uingereza upande huo ni wa kulia, nembo ikiwa juu ya jicho la kushoto. Kwa nini?

Jibu la mabarazani ni bunduki: ati upande mmoja uachwe wazi ili silaha ikiwekwa begani isiisukume kofia. Sababu hiyo ipo kweli, ila ni ya kofia nyingine, ile ya ukingo mpana kuzunguka kichwa. Askari wa Australia wanajulikana kwa kuubana juu ukingo wa kushoto, maana ungegongana na bunduki kwenye bega hilo. Kofia za jamii hiyo zilivaliwa pia na askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki) waliopelekwa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo si ajabu maelezo yake yakazoeleka hata huku kwetu.

Bereti haina ukingo. Kitambaa chake kinachoning'inia huishia karibu na sikio, na begani hakifiki. Isitoshe, kikosi cha Uingereza kilichoidhinishiwa bereti nyeusi mwaka 1924 kilikuwa cha vifaru, na mtu wa ndani ya kifaru hakutembea na bunduki begani. Alikuwa na bastola. Shida yake ilikuwa kofia yenye ukingo wa mbele, inayomzuia kusogeza jicho kwenye kitundu cha kuchungulia. Bereti waliiona kwa askari wa milimani wa Ufaransa. Wakaipunguza ukubwa, wakachagua nyeusi ili madoa ya mafuta yasionekane.

Ushahidi mtamu zaidi uko kwa Wafaransa wenyewe. Wao huilaza kushoto, nembo kulia. Lakini makomando wa jeshi lao la majini huilaza kulia, Kiingereza kabisa, kwa kuwa waliowatangulia walifunzwa Uingereza wakavaa bereti za kijani za kule. 177 kati yao walitua Normandy tarehe 6 Juni 1944. Nchi moja, na kofia zimelala kinyume! Upande, basi, ni nasaba: unaonyesha nani alimvisha nani. Na Waingereza je, kwa nini kulia? Nembo za kofia zao za zamani, hasa za Kiskoti, zilikaa kushoto, na kitambaa kikilazwa kulia nembo inabaki wazi. Hilo ni kisio lenye mashiko, si hati.

Rangi zina habari fupi zaidi. Mwaka 1942 Uingereza iliwapa askari wa miavuli rangi ya damu ya mzee, na makomando kijani. Buluu ya Umoja wa Mataifa, ambayo Watanzania wameivaa Kongo, ilianza na kikosi chake cha kulinda amani Suez, Misri, mwaka 1956. Bereti zingechelewa kushonwa, kwa hiyo kofia za plastiki za ndani ya helmeti zilipakwa rangi ya buluu upesi upesi, na mambo yakaenda.

Sasa, inalalaje bila kuinuka? Bereti nzuri ni ya sufu ya kondoo, na kila unywele wa sufu una magamba madogo yanayoelekea nchani. Fikiria paa la makuti: ukipitisha mkono kutoka juu kwenda chini unateleza, ukiurudisha unakwama. Weka mapaa mawili uso kwa uso, moja limegeuzwa, uyatikise: kila mtikisiko unasogeza kidogo mbele, na kurudi hakuna. Ndivyo nywele za sufu zinavyobanana kiwandani. Kofia hufumwa kubwa, husuguliwa kwenye maji ya moto na sabuni, inasinyaa hadi mishono ya ufumaji haionekani tena.

Kusinyaa huko hakurudi nyuma. Kupata umbo ni jambo jingine: maji hulegeza vifungo vidogo ndani ya unywele, na ukikauka vinajifunga upya pale pale ulipolala. Hili unaweza kulirudia utakavyo. Kuchanganya mambo haya mawili ndiko kunakoharibu bereti mpya nyingi.

Kuilaza bereti mpya, nyoa kwanza vinyweleo vya juu kwa wembe mkavu, ukielekea upande mmoja. Chovya sufu tu katika maji ya vuguvugu, ukiukwepesha mkanda wa ngozi. Ikamue kwa kubonyeza; usiisokote. Ivae: mkanda ukae sawasawa, vidole viwili juu ya nyusi, kigumu cha nembo juu ya jicho la kushoto, kitambaa kivutwe kulia kuelekea sikioni na kulazwa kwa kiganja. Kaa nayo nusu saa au zaidi, kisha imalizie kukauka juu ya kitu cha mviringo cha ukubwa wa kichwa. Utepe wa nyuma ukaze mwishoni, funga fundo, ncha zichomeke ndani. Ukiufunga na kuukata mapema, kofia ikikauka na kubadilika kidogo huna cha kulegeza.

Maji yanayochemka pamoja na kusugua huweza kuipunguza kofia saizi nzima. Bitana iliyoachwa ikiwa imebana huinua kitambaa, kofia ikabaki imevimba. Wanga wa kupigia kofia za kiua haufai hapa. Huacha utando mweupe. Na kama bereti imeloweshwa mara tatu na bado inainuka, huenda ni nyuzi za plastiki, ambazo maji hayazilegezi kama sufu.

Kwa hapa visiwani, jua la kaskazi hupausha rangi, hivyo kausha kivulini. Masika ni mtihani zaidi: sufu inakawia kukauka na mkanda wa ngozi unaota ukungu kwa ndani. Ugeuze nje, ufute kwa kitambaa kikavu, na usiifungie kofia kabatini ikiwa na jasho la gwaride.