Mikanda ya Usalama kwenye Gari la Spoti la Zamani: Yanayosemwa Gereji na Yaliyo Kweli

Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971, ikarudia 1973, na hadi leo mwenye gari la aina hiyo, au MGB, au Ford Escort ya kwanza, hakosi washauri Nakuru wala Kisumu. Kuhusu kabureta, ushauri wao huwa mzuri. Kuhusu mikanda, mwingi wake ni wa kuogopwa.

"Gari la zamani ni chuma kitupu, mkanda wa nini?"

Ugumu wa hicho chuma ndio unaozidisha haja ya mkanda. Gari likienda kilomita 50 kwa saa kisha mwili wa dereva wa kilo 70 usimamishwe ndani ya nusu mita, nguvu inayomzuia hufika takriban kilonewtoni 13.5, yaani kama uzito wa tani 1.4. Bodi isiyobonyea huipunguza hiyo nusu mita, na nguvu hupanda. Mikono iliyoshika usukani haiwezi kazi hiyo.

"Mkanda haujakatika, basi ni mzima"

Nailoni na poliesta huzeeka kwa jua. Gari la wazi linaloegeshwa nje Kisumu, kilomita chache tu kutoka ikweta, hupigwa na miale mikali mwaka mzima, na rangi ikishapauka, jua limekwisha kuzifikia nyuzi. Kanuni ya kimataifa ya mikanda, R16, hudai utepe uwe na upana wa angalau milimita 46 na usikatike chini ya kilonewtoni 14.7. Hicho ni kiwango cha utepe mpya. Utepe wa miaka hamsini hauna ahadi yoyote.

Uvute wote hadi mwisho, ukague pande zote mbili mchana. Manyoya pembeni, sehemu iliyokakamaa kama kadibodi, mawimbi yasiyonyooka, doa la asidi ya betri, uzi uliochomoka: mojawapo likionekana, badilisha. Mawimbi na mng'ao kwenye sehemu inayopita katika kitanzi cha begani huashiria mara nyingi kwamba mkanda umewahi kubeba mtu kwenye ajali. Nyuzi zilizokwisha kuvutika hazirudi, hata kama gari lilinyooshwa na kupakwa rangi vizuri.

"Fundi wa viti atashona tu"

Hii ndiyo dhana ninayoichukia kuliko zote, kwa sababu kazi yenyewe hutoka ikiwa nadhifu. Fundi hodari wa kushona viti anajua ngozi na sponji. Mshono wa mkanda ni jambo jingine: kiwandani hutumika uzi wa poliesta wenye unene maalumu, idadi ya mishono imepangwa, na mpangilio wake hugawanya mzigo kwenye upana wote wa utepe. Sindano nene ya cherehani ya ngozi hukata nyuzi inapopita, na mistari iliyoshonwa kukingama mkanda huwa kama vitundu vya stempu: hapo ndipo patakapochanika. Uzi wa fundi viatu uliopakwa nta hauleti nafuu. Baya zaidi, hakuna namna ya kujua mshono huo unabeba kiasi gani pasipo kuuvuta kwa mashine hadi ukatike.

Njia sahihi ni mbili. Nunua mkanda mpya uliotengenezwa kwa ajili ya gari lako, au, ukitaka kuhifadhi vifungio vya asili, vipeleke pamoja na rili (kile kigurudumu kinachokunja mkanda) kwa kampuni inayobadilisha utepe na kuupima. Zipo Uingereza na Marekani. Kwenye lebo ya mkanda wa Ulaya tafuta herufi E ndani ya duara. Herufi A ni mkanda wa pointi tatu, yaani unaoshikwa mahali patatu, begani na pande mbili za nyonga; B ni wa kiunoni pekee, na "Ar4m" ni wa pointi tatu wenye rili inayojifunga kwa njia zaidi ya moja.

Kuhusu kuosha: maji ya uvuguvugu na sabuni laini, brashi ya nguo, basi. Dawa ya kung'arisha nguo na petroli huharibu, na wala usiupake utepe rangi. Kausha kivulini mkanda ukiwa umevutwa wote, umebanwa kwa klipu usirudi ndani na unyevu.

"Bolti ni bolti"

Hapana. Karibu magari yote ya Uingereza, Ulaya na Japani, hata yale ambayo kila nati yake nyingine ni ya milimita, hufunga mikanda kwa bolti ya inchi 7/16 yenye meno 20 kwa inchi, ya mkato wa UNF, yaani meno membamba ya kipimo cha inchi. Kipenyo chake ni kama milimita 11.1. Bolti ya M10 (ya milimita 10) huingia ikicheza, na M12 haiingii kabisa, kwa hiyo fundi mwenye haraka huchukua kikatio na kukata meno mapya ya M12. Hapo ameiharibu nati iliyochomelewa ndani ya nguzo ya mlango, na kuitoa ni kazi ya kukata bodi.

Angalia kichwa cha bolti. Kwenye bolti za inchi, mistari mitatu ni daraja la 5, linalokaribiana na 8.8 ya milimita, na mistari sita ni daraja la 8. Kichwa kisicho na alama yoyote kirudishe dukani. Bolti izunguke kwa vidole angalau mizunguko minane kamili kabla ya kukazwa kwa spana. Ikigoma mapema, safisha meno kwa kikatio cha saizi ileile, usilazimishe. Kisha kuna kile kikola kidogo (pete inayovaliwa na bolti) na washa yenye mawimbi ambavyo hupotea kila gari linapofunguliwa. Kazi yake ni kuliacha bamba la mkanda lizunguke bolti ikiwa imekazwa. Bila hivyo bamba hubanwa limekaa upande, na utepe huvutwa kwa ukingo mmoja.

"Toboa sakafu, weka washa kubwa"

Washa ya duara hupenya bati la sakafu mzigo ukija. Gari lisilo na sehemu za kiwandani linahitaji bamba la chuma upande wa chini: unene wa milimita 3 na eneo la sentimita 40 za mraba, mathalani milimita 80 kwa 50, pembe zikiwa zimeviringwa, nati imechomelewa juu yake, na bamba lenyewe kuchomelewa kwenye bati zima. Bati zima, narudia. Gonga kwa bisibisi kuzunguka kila pointi, hasa kwenye kingo za sakafu chini ya milango; ikizama, kutu itolewe kwanza na bati jipya liwekwe. Mikanda itolewe garini kabla ya kuchomelea, maana poliesta huyeyuka karibu nyuzi joto 260, na cheche moja huacha tundu ambalo huwezi kuliona kwenye utepe mweusi. Betri nayo ifunguliwe.

"Rili ya ex-Japan yoyote itaingia"

Itaingia, na huenda isifanye kazi. Ndani ya rili mna kitu kidogo, gololi au pendulamu, kinachohisi gari linapopunguza mwendo ghafla au kuinama. Kimetengenezwa kwa pembe maalumu ya gari lile. R16 inataka rili isijifunge ikiinamishwa nyuzi 12 au chini kutoka ilivyofungwa, na ijifunge ikipita nyuzi 27. Ukiifunga kwa pembe isiyo yake, itajifunga daima kwenye barabara tambarare, au itachelewa inapohitajika. Ishike kwa mkono mahali pake, izungushe taratibu huku ukivuta utepe, na utengeneze kishikio kwa pembe ambayo utepe hutoka bila kukwama. Kisha inamisha: lazima ikamate.

Rili za magari ya karibuni nyingi zina baruti ya kukaza mkanda wakati wa ajali. Hizo usizifungue wala kuzihamishia gari la 1970.

Mkanda unaorudi polepole si lazima springi imechoka. Kwa vumbi la Nakuru, kosa mara nyingi liko kwenye kitanzi cha begani kilichogandamana uchafu. Kisafishe kwa kitambaa na maji ya sabuni. Usimimine oili ndani ya rili: itashika vumbi zaidi na kulowesha utepe. Wala usifungue kifuniko cha springi, inaweza kuruka usoni.

"Mkanda wa mbio wa pointi nne ni salama zaidi"

Kwenye gari la mbio, ndiyo. Kwenye gari la wazi la barabarani, mikanda ya mabega ikishuka nyuma hadi sakafuni hukandamiza uti wa mgongo. Haipaswi kushuka zaidi ya nyuzi 45 chini ya mlalo. Bila mkanda wa katikati ya mapaja, ile ya mabega huvuta wa kiunoni kupanda tumboni, na dereva huteleza chini yake. Pointi tatu zilizofungwa sawasawa zinatosha. Ule wa kiunoni pekee, wa mtindo wa matatu, hautoshi kwenye gari ambalo usukani uko karibu hivyo na kifua.

Ukiagiza mipya, pima dereva akiwa amekaa: kutoka pointi ya begani, kupita kifuani hadi kifungio, kisha kupita nyonga hadi pointi ya sakafuni. Kifungio kikae pembeni mwa nyonga, kisilalie ukingo wa kiti wala tumbo. Na ile mikuukuu ikate vipandevipande kabla ya kuitupa, la sivyo itaokotwa na kuuzwa tena.