Mgomba wa chupa si GMO, wala si kinga

Kila Nanenane pale Nyamhongolo, Mwanza, chupa ya kioo yenye kimche cha mgomba ndani huvuta watu kuliko trekta. Wanaishika, wanaigeuza juani, kisha linakuja swali: "Mwanangu, hii ndiyo GMO?" Kuna mzee aliirudisha mezani haraka kama aliyeshika nyoka.

Shikamoo mzee, si GMO, yaani mmea uliobadilishwa vinasaba. Sisi wa maabara vinasaba hatuvigusi. Ndizi tunazokula hazina mbegu, ndiyo maana tangu enzi za mababu tunang'oa chipukizi la mgomba mmoja tukalipande kwingine. Maabara inafanya hilohilo kwa kipande kidogo zaidi. Chipukizi la mgomba mama uliopimwa linabanduliwa magamba moja baada ya jingine mpaka kinabaki kiini cheupe cha ukubwa wa punje ya hindi. Kinaoshwa kwa jiki, kinaingia kwenye chupa yenye aga, ule unga wa mwani unaogandisha maji, pamoja na sukari, madini na homoni kidogo ya kukichochea kitoe vichipukizi. Baada ya wiki nne hivi tunavitenganisha, kila kimoja chupa yake. Kama kila mwezi vinazidi mara tatu, ndani ya miezi sita kiini kimoja kimefika miche 729. Utamu huo una kikomo: mizunguko ikizidi nane hadi kumi, miche yenye vilema huongezeka, na maabara makini huanza upya na kiini kipya.

Kwa nini tujisumbue hivyo wakati jirani ana machipukizi ya bure? Kwa sababu chipukizi la jirani hubeba abiria. Ndani ya tunguu, lile shina nene la chini ya udongo, kuna mayai ya mdudu fukusi, kwenye mizizi kuna minyoo isiyoonekana kwa macho, na mbaya kuliko wote ni bakteria wa mnyauko. Ugonjwa huu ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana Uganda 2001, na mwaka 2006 ukawa Kagera. Kata shina la mgomba unaoumwa, subiri dakika chache, utaona usaha wa njano unachuruzika polepole. Mkungu huiva kabla ya siku zake, na ukipasua ndizi ndani ni kahawia. Ndizi nyingi za Mwanza huvuka ziwa kutoka upande wa Bukoba, kwa hiyo mnyauko wa kule tunausikia sokoni huku.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea, na wauzaji wengine wa miche hawasaidii. Mche safi si mche sugu. Ukipanda mgomba wa kisukari wa chupa pale ambapo kisukari cha zamani kilikufa kwa ugonjwa wa Panama, nacho kitakufa, maana kuvu wake hukaa udongoni miongo mingi. Usugu hutokana na kuzalisha aina mpya kwa kuchavusha. Mfano ni TARIBAN 1 hadi 4, ndizi za kupika ambazo Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) ilizitoa mwaka 2021, zinazostahimili madoa meusi ya majani. Na bakteria wa mnyauko atauingia mche wako siku utakapoupogolea kwa panga la jirani. Pitisha panga motoni au lioshe kwa jiki kabla ya kuhamia shina jingine. Chana ya mwisho ikishatoka, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa kisu. Wadudu hubeba ugonjwa kutoka hapo.

Kosa langu mwenyewe nalo nilitaje. Nilipoanza kazi nilimpa ndugu yangu wa Sengerema chupa sita, naye akapanda siku hiyohiyo. Siku ya tatu alinipigia simu: zimekauka zote. Mche uliokulia chupani, kwenye unyevu wa kudumu, hauna ile nta ya majani inayozuia maji kupotea. Unahitaji wiki sita hadi nane chini ya neti ya kivuli, kwanza ukifunikwa nailoni, kisha ukizoeshwa jua kidogo kidogo.

Kwa udongo wetu wa luseni, mchanga usioshika maji, shimo la sentimita 60 kila upande na madebe mawili ya samadi iliyoiva si anasa. Nafasi ya mita tatu kwa tatu hutoa miche kama 450 kwa ekari. Tandaza nyasi, mwagilia miezi mitano ya mwanzo bila uvivu. Kwa kuwa miche ina umri mmoja, mikungu hukomaa karibu pamoja, na mwenye fuso hapendi kuja mara kumi kuchukua mkungu mmoja mmoja.

Ukienda kununua, usivutiwe na majani peke yake. Omba mwenye kitalu akuchanie kiriba kimoja, ule mfuko wa nailoni wenye mche, mbele yako. Mizizi iwe myeupe na imeshika udongo wote, shina nene kama penseli, majani manne au zaidi. Akikataa kuchana, nunua kwingine.