Besi ya chini kabisa: je, bila sabufa unapoteza nini?

Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 kwa sekunde hadi 20,000 hivi. Mtetemo mmoja kwa sekunde ndio hezi moja. Besi ya chini kabisa, ambayo maprodyuza huiita sabu, ni ile iliyo kati ya hezi 20 na 60. Huko ni chini kuliko wengi tunavyodhani. Sauti ya mwanamume akizungumza iko juu ya hapo, hezi 85 hadi 180. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa hezi 41, na katika vibonye 88 vya piano ni 14 tu vya kushoto vinavyoingia humo. Muziki mwingi tuliokulia, iwe taarabu, dansi au kwaya, unafanya shughuli zake juu ya mpaka huo na kushuka chini yake kwa nadra.

Sabufa ni spika iliyojengwa kwa ajili ya kipande hicho. Ukubwa wake si mbwembwe. Masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yakishuka kwa nusu, koni ya spika inatakiwa kusukuma hewa mara nne zaidi ili nguvu ya sauti ibaki ileile. Kutoka hezi 160 hadi 80 ni mara nne. Ukishuka tena hadi 40 ni mara kumi na sita. Kispika cha simu hakina hewa hiyo ya kusukuma, hata uongeze sauti hadi mwisho.

Ala za kawaida huona taabu kufika huko chini. Mashine haioni. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma TR-808. Kiki yake, yaani mlio wa ngoma kubwa ya chini, haikufanana na ngoma halisi hata kidogo: ilikuwa mlio mmoja laini wa chini, na kitufe cha kuurefusha. Haikuuzika vizuri, utengenezaji ukasimama 1983, bei ya mitumba ikashuka, na vijana wa hip hop na electro nchini Marekani wakaizoa. Wakaurefusha ule mlio mpaka kiki yenyewe ikawa besi.

Mfano ulio wazi zaidi wa muziki unaoishi huko chini ni dubstep, muziki wa elektroniki uliozaliwa Croydon, kusini mwa London, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waanzilishi wake walirithi utamaduni wa saundi sistimu ulioletwa Uingereza na wahamiaji kutoka Jamaika, ambako maspika hupangwa hadi juu ya kimo cha mtu na besi hupimwa kwa kifua. Kwenye DMZ, disko la usiku la dubstep lililoanza Brixton, London, mwaka 2005, nyimbo zilipigwa mbele ya mitambo ya aina hiyo, na zilitungwa zikijua zinakwenda wapi: midundo 140 kwa dakika, ngoma chache, nafasi nyingi tupu, na katikati ya nafasi hizo mlio wa hezi 40 au 50 unaobeba wimbo. Upige wimbo huo kwenye simu. Utasikia haihati na snea, yaani matoazi na ngoma ndogo kali, na mwangwi kidogo. Kilichoondoka hapo si pambo, ni mwimbaji.

Lakini sasa chukua amapiano, muziki uliotoka vitongoji vya Gauteng nchini Afrika Kusini na kutapakaa Afrika Mashariki nzima. Logi dramu yake, ule mlio unaodunda kama ngoma, nayo ni besi nzito, na bado unaitambua hata ikitoka kwenye simu ya mtu aliyekaa siti ya nyuma ya daladala. Kwa nini hii inasikika na ile haisikiki?

Mlio wa ala haubebi masafa mamoja. Noti yenye msingi wa hezi 50 huja pia na hezi 100, 150, 200, 250 na kuendelea, kwa viwango tofauti. Ukiuondoa ule msingi na kuacha vingine vyote, ubongo hauamini kwamba noti imebadilika. Unaona vipande vyote vimeachana kwa hezi 50, basi unaijaza ile 50 wenyewe. Simu haijaitoa besi, umeitoa wewe. Maprodyuza wanaujua mchezo huu, ndiyo maana huikwaruza besi makusudi, waiongezee ukali kidogo ili izae vipande vya juu vitakavyopenya kwenye spika ndogo. Logi dramu ina ukali huo tangu mwanzo, na hupigwa kama ngoma inayoimba, kwa hiyo hata msingi ukikatwa unabaki na mdundo na noti. Sabu ya dubstep ya zamani mara nyingi ni mlio safi usio na vipande vya juu. Ukiukata, hakuna cha kukisia.

Kwa hiyo jibu halitegemei jina la aina ya muziki wala uzito wa besi yake. Linategemea kama mtunzi aliweka kitu juu cha kuishika ile besi ya chini. Singeli, kwa mfano, huchapa midundo 200 na zaidi kwa dakika, na kwa kasi hiyo mlio mrefu wa chini haupati hata nafasi ya kupumua. Utamu wake uko kwenye vinanda vya juu, ngoma na maneno ya emsii. Vigodoro vingi vimenoga kwa maspika yanayokwaruza, na sioni mtu aliyepungukiwa.

Kuna sehemu moja ambayo ubongo hauwezi kuijaza, nayo ni mwili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada waliijaribu kwenye tamasha la muziki wa elektroniki la kikundi cha Orphx, wakachapisha matokeo mwaka 2022. Waliwasha na kuzima maspika ya masafa ya chini mno, hezi 8 hadi 37, kila baada ya dakika mbili na nusu, huku vifaa kichwani vikipima jinsi watu wanavyocheza. Maspika yakiwaka, watu walijongea zaidi kwa takriban asilimia 12. Jaribio la pembeni lilionyesha kwamba hata ukimuuliza mtu, hawezi kutofautisha yakiwa yamewashwa na yakiwa yamezimwa. Hili hedifoni haziwezi kukupa, kwa sababu hazitikisi kifua wala sakafu.

Kwa masikio pekee, hata hivyo, hedifoni nzuri zinazoziba sikio ni sabufa ya bei nafuu kuliko zote. Hewa ya kusukuma kati ya koni na ngoma ya sikio ni kidogo mno, hivyo hata kifaa kidogo hushuka hadi hezi 30 bila jasho. Kama lengo lako ni kusikia alichokiandika mtunzi, anzia hapo.

Nalisema hili kwa sababu seti nyingi zinazouzwa madukani kwetu kwa jina la sabufa hazifiki kwenye sabu. Boksi lake hudunda kwa nguvu kwenye hezi 80 hadi 100 hivi, halafu chini ya hapo huporomoka. Unapata mshindo uleule kwa kila wimbo, noti yoyote ipigwe. Namba kubwa za wati zilizobandikwa mbele, zikiandikwa PMPO (eti kilele cha nguvu), hazina maana yoyote. Tafuta iliyoandikwa RMS, yaani nguvu ya kudumu.

Halafu kuna chumba. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, zaidi ya sebule nyingi. Kwenye chumba cha mita 4 sauti ya hezi 43 hujirudia kutani, ikajaa kando ya ukuta na kupotea katikati. Wawili wanaosikiliza wimbo mmoja, mmoja kwenye kochi lililoegemea ukuta na mwingine kwenye mkeka katikati, hawasikii besi moja. Na ukipunguza sauti usiku kwa ajili ya majirani, besi ndiyo inatangulia kupotea: watafiti wa Marekani Fletcher na Munson walishaonyesha mwaka 1933 kwamba sikio huwa zito zaidi kwa sauti za chini kadiri muziki unavyopigwa kwa sauti ndogo.

Kabla ya kununua chochote, pakua milio safi ya hezi 100, 80, 60, 50, 40 na 30, uipige mmoja baada ya mwingine kwa sauti ya wastani bila kugusa kitufe cha sauti. Pale mlio unapozimika ndipo seti yako inapoishia. Ukisikia dirisha linalia, sogeza boksi kutoka kwenye kona, urudie.