Unene wa bati ukishafinyangwa: mambo tunayodanganyana

Dhana mama wa zote ni hii, eti ukinunua shiti (bati bapa) ya milimita 1.5 basi kitu utakachotoa kitakuwa na 1.5 kila sehemu. Hapana. Ujazo wa chuma haubadiliki ukikifinyanga, kwa hiyo kikivutwa lazima kitoe mahali fulani, na mara nyingi kinatoa kwenye unene. Chukua kikombe kilichobonyezwa kwenye presi, kikate katikati na msumeno afu upime ukuta toka chini kwenda juu: kitako kiko karibu sawa na shiti yenyewe, pale kwenye kona, juu kidogo ya kitako, ndo pembamba kuliko pote, afu ukipanda unene unarudi taratibu mpaka mdomoni unakuta pamenenepa kuzidi hata shiti uliyoanzia, maana duara kubwa limelazimishwa kuwa dogo na chuma kikasongamana.

Sasa kuna watu wanapima mdomoni tu, kwa sababu ndo verniya, kile kipimo cha taya mbili, inapofika kirahisi, wanakuta 1.6 wanashangilia. Kona haijaulizwa kitu. Kona inataka maikromita yenye ncha ya mviringo, au kile kipimo cha mawimbi ya sauti ambacho huhitaji kukata chochote.

Nyingine: "paka mafuta kote, kila kitu kiteleze." Hii nusu kweli, na ndo maana haifi. Upande wa dai (kile chuma chenye tundu ambamo bati linasukumwa) na chini ya kishikizo (kinachobana ukingo wa bati lisikunjane) paka tena paka vizuri, pale unataka bati liingie ndani bila kugoma. Lakini kichwa cha panchi, kile chuma kinacholisukuma bati ndani ya dai, ukikilowesha unajiharibia mwenyewe, ule msuguano wa pale unasaidia kushikilia kitako na kona visivutike, ukiuondoa mvutano unakwenda kuishia kwenye kona ambayo tayari ni dhaifu. Mi nakiacha kikavu.

Na kishikizo jamani, "kaza mpaka mwisho lisikunjane." Ukilegeza sana litakunjana kweli, ila ukikaza sana bati haliingii, na lisipoingia linavutika palepale lilipo mpaka linachanika, afu lawama anapewa aliyeuza shiti. Kaza kiasi kile tu kinachozuia mikunjo.

Wengine wanasema anza na shiti nene zaidi yaishe. Haisawazishi kitu, kona itabaki nyembamba kuliko mdomo vilevile, ila sasa umeongeza uzito na nguvu ya presi, na nafasi kati ya panchi na dai inabidi uibadilishe.

Au bati laini kabisa. Ulaini peke yake hautoshi, unataka chuma ambacho kikivutika kinakuwa kigumu, ili pale palipoanza kuwa pembamba pagome na mvutano uhamie kwa majirani. Ukikichoma moto katikati ya hatua ulaini unarudi, unene haurudi.

Kwenye kuzungusha bati kwenye fomu, yaani bati linazunguka kwenye mashine huku linasukumwa lilalie kiolezo, ndo watu wanaamini sana mkono wa fundi. Mkono upo, sikatai, ila ukitengeneza koni kwa kulisukuma bati lifuate fomu bila kipenyo cha nje kupungua, unene unaamuliwa na pembe: unene wa shiti mara saini (ile "sine" ya hesabu) ya pembe kati ya ukuta na mhimili, yaani mstari wa katikati ya koni. Pembe ikiwa digrii 30, shiti ya milimita 2 inatoka 1, awe fundi nani. Ukitaka ukuta mnene zaidi, kwenda mara nyingi kidogo kidogo huku ukiacha kipenyo kipungue ndo kunasaidia, au anza na bati ambalo tayari limepewa umbo la awali.

Ukuta ulio sawa kweli unapatikana kwa kuulazimisha, yaani kuupitisha kwenye nafasi ndogo kuliko unene wake. Kopo la soda la alumini linafanywa hivyo, shiti ya kama robo milimita inabonyezwa kuwa kikombe afu ukuta unapitishwa kwenye pete, kila moja imebana kuliko iliyotangulia, mpaka unabaki kama 0.1. Na hata hapo hawataki sawa kila mahali: kitako kinaachwa na unene wake kwa sababu kinabeba presha, na juu ukuta unaachwa mnene kidogo maana ndo sehemu itakayobanwa kuwa shingo na kukunjwa na kifuniko.